Vijiji vya Ziwani navyo vinahitaji mawakili mabingwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo sisi wananchi wa vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria tumelinyamazia mno. Jambo lenyewe ni la mawakili. Najua wasomaji wengine watashangaa mwalimu wa shule ya msingi anatafuta nini huko. Nawaomba wavumilie.

Kijijini mtu akisikia neno wakili humfikiria bwana mwenye joho jeusi anayemtetea mwizi wa ng'ombe. Huyo yupo na kazi yake ni ya halali. Lakini upo uwakili wa namna nyingine ambao waweza kupita mwaka mzima bila kuonekana mahakamani, nao ndio unaoamua nani atamiliki nini na kwa miaka mingapi. Huo ni uwakili wa biashara. Tuchukue mfano wa Uskoti, nchi ambayo Mwalimu Nyerere alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh hadi mwaka 1952. Ipo huko kampuni kubwa ya mawakili iitwayo Brodies, yenye ofisi Edinburgh, Glasgow, Aberdeen, Inverness na London, na hata Brussels na Abu Dhabi. Mapato yake kwa mwaka yamevuka pauni milioni 100. Kampuni ya namna hiyo haiendeshwi kama duka letu la kijijini ambalo mtu mmoja anauza chumvi, betri na madaftari. Imegawanywa kwa ubingwa. Wapo wa ardhi na majengo, wapo wa mabenki, wapo wa kodi, wapo wa ajira, wapo wa mashamba, wapo wa mafuta na umeme wa upepo. Wa mafuta utawakuta Aberdeen, kwa sababu mji ule ndio kitovu cha mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Maana yake ni kwamba penye mali, mawakili hujifunza mali hiyo hadi mwisho.

Sasa tugeuke tuangalie kwetu. Je, Ziwa halina mali? Geita kuna dhahabu. Mwanza kuna viwanda vya minofu ya sangara inayopelekwa ng'ambo. Magu, Kwimba na Misungwi kuna pamba. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025, na tangu hapo bei ya viwanja pande zote mbili imekuwa gumzo. Reli ya kisasa ya kutoka Isaka nayo imepita katika mashamba ya watu. Kila moja ya mali hizi ina sheria yake na mikataba yake, na kila mwenye mtaji anayekuja huku anakuja na bingwa wake mkobani. Simlaumu hata kidogo. Anayekwenda kuvua sangara habebi ndoano ya samaki wadogo. Ninachouliza ni nani amekaa upande wa pili wa meza.

Upande wa pili wa meza amekaa Mwenyekiti wa Kijiji, Afisa Mtendaji, na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji ambao baadhi yao wametoka shambani na majembe yao wameyaegesha nje.

Wengi hawajui kwamba kijiji kwa sheria zetu ni kama kampuni. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaifanya Halmashauri ya Kijiji kuwa chombo chenye nafsi ya kisheria, chenye uwezo wa kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza kwamba Halmashauri hiyo inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji wote, na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Huo ni wajibu mkubwa kuliko wa mameneja wengi wa mjini. Meneja wa benki hatii saini karatasi ya kurasa mbili bila mwanasheria kuipitia. Mwenyekiti wetu anaweza kuitiwa saini ya miaka 33 chini ya mwembe, siku ya gulio, huku gari la wageni linaunguruma.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilikuja kijijini kwetu kuomba eneo karibu na mwalo kwa ajili ya ghala la barafu. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, maana samaki wetu wengi huharibika kwa joto. Mkataba ulikuwa wa kurasa 11, na wote kwa Kiingereza. Ni kweli mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na sisi walimu wa Kiswahili tulishangilia. Lakini mabadiliko yale hayakugusa mikataba ya watu binafsi, na kampuni ikitaka kuandika kwa Kiingereza inaandika. Basi Mtendaji akaniita mimi niufasiri, eti kwa kuwa nimepitia chuo cha ualimu. Nilifasiri maneno. Nikawaeleza wazee wazi kwamba kufasiri maneno ni kitu kimoja na kujua yanamfunga nani ni kitu kingine, na kwamba watafute wakili kabla ya kutia saini.

Wazee walikubali. Wakachanga nauli, Mtendaji akaenda Mwanza mjini. Ofisi ya kwanza ikamwambia wao hasa hushughulika na kesi za jinai. Ya pili ikasema kazi yao ni madeni ya mabenki. Ya tatu ilikuwa na bingwa wa ardhi, mtu mwenye adabu sana, akamkaribisha chai, kisha alipolisoma jina la kampuni kwenye karatasi akaufunga mkataba na kumrudishia. Kampuni ile ilikuwa mteja wake. Kwa maadili ya kazi yake alifanya sawasawa kabisa. Lakini Mtendaji alirudi mikono mitupu, na wiki iliyofuata saini zikatiwa.

Kodi ya eneo lile haipandi kwa miaka yote 33. Hilo tungeweza kulimeza. Lililotuumiza ni uzio. Umeshuka hadi majini na kuikata njia ambayo akina mama wanaokaanga na kuanika dagaa wamepita tangu enzi za bibi zao. Sasa wanazunguka kwa mbali na ndoo kichwani, na alfajiri mitumbwi inapoingia, wachuuzi wa pikipiki wamekwisha fika kabla yao. Bei wanapangiwa. Kijana mmoja niliyemfundisha darasa la tano, ambaye sasa anasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe, alikuja likizo akautazama uzio ule akacheka kwa uchungu. Akanionyesha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwanafunzi aliliona kwa kutembea tu. Wakili aliyezoea mambo ya fukwe angeliona kabla wino haujakauka. Sasa akina mama wamelipeleka shauri Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 halina tena uwezo wa kutoa hukumu, linasuluhisha tu. Likishindwa, safari ni ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kampuni itakuja na bingwa wake.

Watasema Serikali imeleta msaada wa kisheria. Ni kweli, na natoa pongezi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na kampeni ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023 imewafikia wajane na yatima ambao mirathi yao ilikuwa imeliwa na wajomba. Lakini msaada ule umetungwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja asiye na uwezo, na mara nyingi huja baada ya mtu kudhulumiwa. Kijiji kinachotaka kusomewa mkataba kabla ya saini hakimo katika hesabu hiyo.

Watasema tena kwamba Halmashauri ya Wilaya ina mwanasheria. Yupo. Ana kesi za Halmashauri yote, sheria ndogo, zabuni, na vijiji vyote vya wilaya vikimpigia simu siku moja hataweza kupokea. Tena, tuseme ukweli, Halmashauri inakusanya ushuru wa huduma unaotokana na mauzo ya kampuni iliyomo katika eneo lake. Ina hamu kampuni ije haraka. Hamu hiyo si dhambi, lakini mwenye hamu hiyo hawezi kuwa mshauri pekee wa kijiji.

Naomba turudi tena Uskoti kidogo, maana huko nimekuta kisa ambacho kampuni kubwa hazikitangazi. Pwani ya kaskazini magharibi ya nchi ile kuna sehemu iitwayo Assynt, ambako wakulima wadogo walikuwa wapangaji kwenye ardhi ya mabwanyenye tangu mababu. Mwaka 1992 ardhi hiyo iliwekwa sokoni vipande vipande baada ya kampuni iliyoimiliki kufilisika. Wakulima wakaunda umoja, wakachangisha fedha, na mwaka 1993 wakainunua, eka zipatazo 21,000, kwa pauni 300,000. Silaha yao moja ilikuwa sheria ya mwaka 1976 iliyompa kila mpangaji haki ya kununua kipande chake kwa bei ndogo, na tishio la kuitumia likawapunguzia hamu wanunuzi wengine. Mwanasheria wao, Ndugu Simon Fraser, hakutoka katika kampuni kubwa ya Edinburgh. Alikuwa na ofisi Stornoway, mji mdogo wa kisiwani. Baada ya Assynt akawasaidia watu wa kisiwa cha Eigg walioinunua ardhi yao mwaka 1997, na wengine baada ya hapo. Mwaka 2003 ikatungwa sheria ya kuzipa jumuiya za vijijini haki ya kununua kwanza. Ubingwa wake ulikuwa mmoja, kuwavusha wanakijiji hadi kwenye hati. Aliupata kwa sababu kazi hiyo ilimjia mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ililipwa.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mwanza ina mawakili wengi hodari, lakini hakuna atakayejifunza mikataba ya vijiji ikiwa vijiji havimleti kazi. Vijana wetu wakimaliza chuo hulazimika kwenda Shule ya Sheria Dar es Salaam, na wakishaona ni nani hulipa, wengi hubaki kulekule na benki na migodi.

Hata hivyo jambo la kuchangia mwanasheria si geni katika nchi hii. Miaka ya 1970 mashirika ya umma yalikuwa na Shirika la Sheria la Tanzania, ofisi moja ya wanasheria iliyoyahudumia mengi kwa pamoja badala ya kila shirika kuhangaika peke yake. Na wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiwa na akina Ndugu Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria kwa sababu mkulima mmoja alikuwa hawezi kubishana na mizani ya mnunuzi. Mkataba wa Kiingereza wa kurasa 11 nao ni mizani.

Nashauri basi vijiji vya tarafa moja, pamoja na vyama vya msingi vya ushirika na vikundi vya ufukweni, viweke mfuko mmoja na kumlipa wakili kwa mwaka, awe na kazi ya kusoma kila mkataba kabla haujafika kwenye mkutano mkuu. Mgodi unatakiwa, tangu marekebisho ya mwaka 2017, kukubaliana kila mwaka na Halmashauri juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Sioni kwa nini kila mpango uwe ni madarasa na zahanati peke yake, na ada ya wakili wa vijiji isiwemo, mradi fedha ipitie mikononi mwa vijiji vyenyewe na kampuni isimchague wakili. Chama cha Mawakili wa Tanganyika nacho kina tawi Mwanza. Kwa kuwa maadili ya kazi yao hayamruhusu wakili kujinadi kama muuza mitumba, basi chama chenyewe kitoe orodha inayoonyesha nani anajua ardhi ya vijiji, nani uvuvi, nani madini, nani ushirika, ibandikwe kwenye ofisi za kata. Mtendaji wetu asingepanda ngazi za ofisi tatu.

Na kwa sasa, wakati hayo yakingojewa, nawaomba wenyeviti wa vijiji wanaosoma barua hii watumie kifungu kimoja ambacho hakihitaji wakili, yaani kwamba hakuna ugawaji wa ardhi bila mkutano mkuu. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano huo, wote, hata kama utachukua siku mbili. Mgeni mwenye haraka apewe kigoda. Shauri la akina mama wa kijijini kwetu litasikilizwa na Baraza la Kata mwezi ujao, na kama yupo wakili wa Mwanza anayejua sheria za fukwe na asiye na kampuni ile katika orodha ya wateja wake, Mtendaji wetu anayo nauli ya kumfuata.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Magu, Mwanza.