Punda Hanywi Petroli

Mkaaji wa Kitengela huamkia mambo mawili kabla hata hajanawa uso: maji na nauli. Siasa huja baadaye, pamoja na chai. Mimi ni mwenyeji wa huko, na masomo ndiyo yaliyonileta huku Kajiado mjini, mwendo wa takriban kilomita 50 kwa barabara ya Namanga. Kwa hivyo haya ninayoyaandika sikusimuliwa na mtu.

Nianze na maji. Mtaani kwetu bomba ni pambo la ukuta. Maji tunanunua kwa mzee mmoja mwenye mkokoteni wa punda, ambaye naye huyatoa kwenye kisima cha kuchimbwa kwa mashine. Yana chumvi. Sabuni haitoi povu, sufuria huvaa koti jeupe kwa ndani, na wengi wetu tuliokulia uwanda huu tuna meno ya rangi ya chai kwa sababu ya floraidi iliyomo ardhini. Hayo tumeyazoea. Tusilolizoea ni bei. Niliporudi nyumbani kwa likizo ya Novemba 2023, jerikeni la lita 20 lilikuwa limetoka shilingi 20 hadi 30. Mama akamuuliza mzee kulikoni. Akajibu bila hata kutabasamu, "Mama nanii, kwani hujasikia mafuta imepanda?"

(Upatanisho wa kisarufi ni wake, si wangu.)

Punda wake wawili walikuwa wamesimama pale pale wakitafuna boksi. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Lakini nilipotulia nikaona mzee ana hoja. Punda hanywi petroli, naam, ila mwenye punda hula ugali. Unga huletwa na lori, nalo lori hunywa dizeli. Na mwaka huo mafuta yalikuwa yamepanda kwelikweli. Vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilikuwa vimeyapandisha bei duniani kote, na huku kwetu Sheria ya Fedha ya 2023 ikaongeza kodi ya VAT kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Tarehe 14 Septemba 2023 lita moja ya petroli ikatangazwa kuwa shilingi 211.64 jijini Nairobi. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuka 200.

Basi bei ilipopanda nilimwelewa mzee. Iliposhuka ndipo nilipoacha kumwelewa. Kufikia Aprili 2024 petroli ilikuwa chini ya shilingi 194 Nairobi, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ikateremka hadi karibu 181. Jerikeni? Shilingi 30. Nikamuuliza, kwa heshima zote, "Mzee, si mafuta yameshuka?" Akaniambia kijana aliyesoma kama mimi anapaswa kujua kwamba punda hawasikilizi redio.

Gesi nayo ina tabia yake ya kuisha Jumapili, chapati zikiwa katikati, wageni wakiwa sebuleni. Lakini hiyo ni makala nyingine.

Ninalotaka kusema hasa ni hili la nauli. "Mpanda ngazi hushuka," walinena wahenga. Lakini wahenga hawakuwahi kupanda matatu. Nilikuwa ningali shule ya msingi mwaka 2020, wakati wa korona, magari ya abiria 14 yalipoagizwa kubeba 8 tu. Nauli ikapanda, na ilikuwa haki ipande, maana viti vilikaa wazi. Agosti 2021 magari yakaruhusiwa kujaa tena. Viti vilijaa siku ile ile. Nauli ya mtaani kwetu ilibaki juu juu, kama paka aliyepanda mti akasahau njia ya kushukia.

Nisieleweke vibaya. Mwenye matatu si adui yetu. Ananunua tairi, analipa bima, analipa mkopo wa gari, na kuna hayo mengine ya barabarani ambayo sote tunayaona tukajifanya tunatazama dirishani. Siku moja nilimwuliza makanga mbona nauli haishuki mafuta yakishuka. "Spea hazijashuka," akasema. Jibu zuri, na pengine la kweli. Tatizo langu ni kwamba mafuta yanapopanda haniambii habari za spea.

Sasa tazameni jambo hili, maana naona wengi hatulitilii maanani. Petroli, dizeli na mafuta ya taa vina kikomo cha bei tangu Desemba 2010. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, hutangaza bei ya juu kabisa, mji kwa mji, hadi senti. Kwa hivyo mwenye gari anajua gharama yake mpaka senti 64. Lakini abiria aliyekalia mafuta hayo hayo hajui atalipa nini mpaka asikie sauti mlangoni. Bei ya mafuta imeandikwa. Bei ya kiti iko kinywani mwa mtu mmoja, na kinywa hicho hubadilika mvua ikinyesha, jua likitua, au shule zikifungwa.

Hasa shule zikifungwa. Muhula uliopita tulitoka hapa saa nne asubuhi, masanduku kichwani, hadi steji. Nauli ya kawaida kwenda Kitengela tunayoijua ni 150. Siku hiyo tukaambiwa 300. "Hutaki, ngoja ingine," na hiyo ingine nayo ni 300. Kulikuwa na kijana wa madarasa ya chini, mdogo wa umbo, amekalia sanduku lake la bati. Babake alikuwa amempa mwalimu wa bweni nauli kamili: 150 na 20 ya mandazi. Hakulia. Alikuwa anauliza tu kila gari kama wanachukua 170. Magari manne yalimpita. Hatimaye sisi wa kidato cha nne tukachanga, naye akapanda. Sasa niambieni, tusingekuwepo je? Kutoka hapa hadi Isinya peke yake ni mwendo wa kumtoa mtu mzima jasho, sembuse mtoto na sanduku.

Nyumbani pia nauli ina uzito wake. Mama hushona nguo kule eneo la EPZ, Athi River. Nauli ikipanda kumi kwenda na kumi kurudi, hupanda gari jioni tu; asubuhi hutembea, giza halijatoka, malori ya saruji yakimpita kando. Hakuja siku ya wazazi mwaka jana. Alituma ujumbe kwa simu ya mwalimu: "Mwambie nitakuja wakifunga." Hakutaja nauli. Nami sikuhitaji kutajiwa.

Mnakumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipopendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16, nchi nzima ilinyanyuka, Kitengela nayo haikubaki nyuma. Pendekezo la mkate likaondolewa, na tarehe 26 mwezi huo Rais akakataa kutia sahihi mswada wote, baada ya vijana kupoteza maisha. Kodi ina ukurasa, ina asilimia, ina mtu wa kuulizwa. Lakini shilingi kumi ya makanga haina ukurasa wowote. Utaandamana kwenda wapi, mlangoni mwa Nissan?

Ndiyo maana naona dawa ya kwanza ni ndogo wala haihitaji bunge: nauli iandikwe kwenye kioo cha mbele, ya kawaida na ya saa za msongamano, abiria aisome kabla hajaweka mguu ndani. Ikipanda, iandikwe upya, na sababu itajwe. Mtu anayelazimika kuandika 300 kwa mkono wake mbele ya watoto wa shule atafikiri mara mbili. Na shule yetu pia isifungwe siku moja na shule zote za Kajiado, kama ratiba inaruhusu kutuachilia kwa zamu, wanafunzi wadogo wakitangulia.

Nimependekeza katika mkutano wa Chama tuwaandikie barua maafisa wa vyama vya matatu vya njia hii kabla ya muhula kwisha. Mlezi wetu amekubali kusahihisha sarufi. Pale penye nauli tumeacha pengo, walijaze wenyewe kwa kalamu ya wino.