MPIGA PICHA NA CHOMBO KIPYA

Mwezi wa Aprili 2023, Mjerumani mmoja, Bwana Boris Eldagsen, alipanda jukwaani mjini London akaikataa tuzo aliyokwisha kupewa katika mashindano ya picha ya Sony. Picha yenyewe ilionyesha wanawake wawili, nyeusi na nyeupe, mithili ya picha za zamani. Wanawake hao hawakupata kuzaliwa. Aliwaumba kwa kompyuta, kwa ile iitwayo akili mnemba, naye akatamka wazi kwamba kazi ya namna hiyo na picha ya kamera hazifai kushindanishwa.

Mwaka 2024 mambo yakageuka. Bwana Miles Astray alipeleka picha halisi ya heroe, ndege aliyempiga kisiwani Aruba akiwa ameficha kichwa akijikuna tumbo, katika mashindano ya picha za akili mnemba. Waamuzi wakaipa nafasi ya tatu! Alipotoboa siri akaondolewa.

Wako wanaosema kwa ajili ya visa hivi kwamba kompyuta ni adui wa mpiga picha. Sisi hatukubali. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu aliunganisha picha na picha kwa mikono yake, kabla kompyuta haijafika katika studio za pwani, nasi hatumwiti mwongo. Leo Bwana Osborne Macharia wa Kenya, aliyesomea usanifu wa majengo, hupiga watu hai kisha huikamilisha kazi kwa kompyuta. Katika mfululizo wake uitwao Nyanye aliwavika mabibi wazee mavazi ya fahari, akawabunia historia ya kuwa wakubwa wa serikali na makampuni katika miaka ya 1970. Ni hadithi, na mwenyewe husema ni hadithi. Lakini mabibi wale walikaa mbele ya kamera, na watu walifanya kazi ya nguo, nywele na taa.

Ubaya tunaouona sisi uko penginepo. Mashine za akili mnemba zimefundishwa kwa picha zilizozolewa katika intaneti. Orodha moja tu, LAION-5B ya mwaka 2022, ilikuwa na anwani za picha zaidi ya bilioni 5. Wenye picha hizo, kwa wingi wao, hawakuombwa ruhusa wala hawakulipwa. Kisha mpiga picha yule yule wa harusi na pasipoti huambiwa kwamba bei yake ni ghali, kwa kuwa mashine hufanya bure. Huo ni unyonyaji, hata ukivikwa jina la maendeleo.

Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo huilinda picha kama kazi ya mtu. Lakini ilitungwa kabla ya mashine hizi. Twataka Bunge liitazame upya, liseme waziwazi kama kampuni yaweza kuifundishia mashine picha ya mtu bila ridhaa yake, na malipo yake ni nini. Magazeti nayo yasingoje Bunge: jina la mpiga picha liandikwe chini ya kila picha, na iliyotengenezwa na mashine iandikwe hivyo.