Mitihani Iko Ndani ya .doc, Ufunguo Tunao

Wana ualimu tukirudi kutoka TP malalamiko ni yale yale: madarasa kujaa, vitabu vichache, hela ya kujikimu kuchelewa. Mimi nina lingine ambalo silisikii likizungumzwa. Mafaili.

Katika shule niliyofundisha, maeneo ya Tosamaganga, idara ya Kiswahili ina flashi moja inayozunguka kwa walimu. Ndani yake kuna maazimio ya kazi, maandalio ya somo, mitihani ya ndani, na maswali matamu ya ngeli na uchambuzi wa sentensi yaliyotungwa na mwalimu ambaye keshastaafu. Karibu yote ni .doc, mengine ya enzi za Word 95. Kompyuta ya ofisi ikiyafungua, baadhi yanatoa vimraba, baadhi yanagoma kabisa. Basi mwalimu anakaa usiku, na baridi ile ya Iringa, anachapa upya mtihani ambao tayari upo.

Chanzo kinajulikana. Faili la .doc si maandishi matupu, ni la binari, na Microsoft waliweka maelezo ya muundo wake wazi kwa kila mtu mwaka 2008 tu, wakati wao wenyewe walishahamia .docx tangu Word 2007. Word za siku hizi, kwa mpangilio wake wa kawaida, huyawekea vizuizi mafaili ya Word 95 kurudi nyuma, kwa sababu za usalama.

Sasa kuna kiprogramu kinaitwa antiword, cha Adri van Os. Toleo la 0.37 ni la 2005, ni la bure, na ni dogo kiasi kwamba hata kompyuta kuukuu inayohema kwa LibreOffice inakiendesha bila shida. Hakina dirisha wala vitufe. Unafungua terminali ya Linux, unaandika antiword mtihani.doc, maneno yanamwagika kwenye skrini. Ukitaka kuyatunza, antiword mtihani.doc > mtihani.txt. Kinasoma Word 2, 6, 7, na 97 hadi 2003. Picha huzioni na majedwali hayatoki kwa uzuri wake. Sisi wa Kiswahili tutavumilia, wa Jiografia na ramani zake atalia kidogo. Kwa WordPerfect ipo wpd2text.

Kuna jamaa hosteli aliniambia, “Si uyapakie tu kwenye tovuti za kubadilisha mafaili?” Kwa bando la nani? Halafu mafaili yale yana majina ya wanafunzi na alama zao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mwalimu anayemwaga alama za watoto kwenye tovuti asiyoijua hana utetezi. Wengine watasema mtaala umebadilika. Sawa, ila ngeli za nomino hazijahama.

Wala si mambo ya Wazungu peke yao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mafaili yake ya .sxw ni zip yenye XML ndani. Andika unzip -p barua.sxw content.xml, na maneno utayaona leo hii, katikati ya alama za XML, hata kama programu yenyewe huna. Ndiyo maana naona mitihani ya shule itunzwe kwenye miundo iliyo wazi, .odt au .txt, isiwe mateka wa toleo la programu.

Kozi yetu ya TEHAMA inatufundisha kukoza maandishi na kupamba slaidi. Terminali hatuigusi, utadhani ni ya watu wa kompyuta tu, wakati amri yenyewe ni maneno mawili. Slaidi zinachukua vipindi kadhaa vya vitendo kila muhula. Naomba kimoja tu, na flashi nitakuja nayo.