Taa ya njano yawaponza wenye malori ya mitumba

Anayenunua Canter au Isuzu Elf iliyotumika Japani huanza kwa kulalamikia redio, kwani nyingi hukamata masafa ya 76 hadi 90 tu. Hilo ni dogo. Hasara iko kwenye swichi iliyo karibu na usukani, yenye maandishi asiyoweza kuyasoma.

Malori mengi ya dizeli ya huko, hasa ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000, yana kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Katika safari ndefu hujisafisha chenyewe. Mizunguko mifupi ya shamba na soko haitoshi. Kikijaa, taa ya njano huwaka na kuzima. Hapo dereva asimame mbali na nyasi kavu, aweke gia huru na breki ya mkono, abonyeze swichi, kisha aache injini iunguze masizi kwa takriban dakika 15 hadi 20. Asiizime.

Wengi hupuuza. Gari hukosa nguvu mlimani, nyanya huozea njiani, na baadhi ya gereji hukitoboa kichujio, taa ikabaki inawaka.

Mafuta nayo yamo. Mwaka 2015 kiwango cha salfa katika dizeli ya Afrika Mashariki kiliwekwa kuwa sehemu 50 kwa milioni. Japani ni 10. Anayenunua ya madumu kando ya barabara anajiongezea balaa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi amtake muuzaji aonyeshe swichi hiyo ikifanya kazi, dereva akiwepo.