USHAURI WA BWANA SHAMBA: Injini Iliyofunguliwa



Wakulima wa ndizi walinijia. "Bwana shamba, tumeonyeshwa lori la tela mjini Moshi. Injini imefunguliwa mara mbili. Tununue?"

Niliwajibu: Injini kufunguliwa si kosa. Hufunguliwa, ikabadilishwa pistoni na ringi, ikaendelea na kazi. Lakini ulizeni: Nani aliifungua? Alibadilisha nini? Risiti ziko wapi? Shafti ya injini imechongwa mara ngapi? Kila ikichongwa hupungua unene. Haichongwi milele.

Kisha nendeni na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Fanyeni hivi:

1. Kabla haijawashwa, guseni injini. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema. Rudini siku nyingine.

2. Tazameni oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani.

3. Iwasheni. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili.

4. Lipakieni mzigo, lipande kutoka Himo hadi Marangu. Kwenye tambarare kila lori ni zima.

Msimalize fedha zote kwa kununua. Tairi, breki na bima havingoji mavuno. Tena, je, tela litageukia wapi kwenye njia zetu za migombani?

Wakulima wale walikwenda na fundi. Oili ilikuwa chai ya maziwa. Walirudi na fedha zao. Sasa wanakodi lori, na akiba yao ipo.

Ndugu, rangi mpya haivuti mzigo. Pimeni kwanza, ndipo mlipe.