Tusijifunzie Kwenye Vichwa vya Mayatima

Waarabu wana methali inayomsema mtu aliyejifunza kupiga chuku kwenye vichwa vya mayatima. Maana yake haihitaji mfasiri. Asiye na mtetezi ndiye anayefanywa ubao wa kujifunzia. Akichanjwa vibaya, hapana wa kuuliza. Tumeikumbuka methali hiyo kwa sababu leo tunataka kusema juu ya madaktari wetu vijana, na namna wanavyopaswa kuandaliwa kwa saa ile ambayo mgonjwa huletwa mlangoni roho mkononi.

Visiwa vyetu havihitaji kufundishwa maana ya neno dharura. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa safarini kwenda Pemba. Tarehe 18 Julai 2012, kabla machozi hayajakauka, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Lakini dharura si meli peke yake. Msimu wa karafuu ukifika, vijana huanguka mikarafuuni. Barabarani pikipiki na magari hugongana. Mama aliyejifungua salama huanza kutokwa na damu isiyokatika. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa kimya, na wote waliomo chumbani wakatazamana.

Katika nchi kavu yenye barabara ndefu, daktari aliyelemewa huweza kumpeleka mgonjwa mbele. Kwetu sisi, mbele kuna bahari. Mgonjwa wa Kojani, wa Tumbatu au wa Makoongwe huanza safari yake ya matibabu kwa chombo, na pengine kusi limechachamaa. Kwa hivyo daktari wa kwanza kumwona mgonjwa kisiwani mara nyingi ndiye daktari pekee atakayemwona katika saa ya kufa na kupona. Daktari huyo hana nafasi ya kujaribu.

Desturi kongwe ya ualimu wa tiba ni kwamba mwanafunzi humtazama mkubwa wake akifanya jambo mara moja, kisha naye hulifanya, kisha humfundisha mwenziwe. Desturi hiyo imetupatia madaktari wengi hodari, na hatuibezi. Ila ina kasoro moja kubwa: dharura haiji kwa ratiba ya masomo. Mwanafunzi aweza kumaliza mwaka mzima wodini asishuhudie moyo uliosimama ukishtuliwa, halafu akakutana nao usiku wake wa kwanza wa zamu, peke yake, na jamaa wa mgonjwa wanalia nje ya mlango.

Marubani waliligundua tatizo hili zamani. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza chombo cha kumfundishia rubani akiwa bado ardhini, ili makosa yake yasigharimu maisha. Mwaka 1960 Åsmund Laerdal, mtengeneza vinyago vya watoto wa Norway, alitoa sanamu la mtu la kufundishia namna ya kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aliyezimia. Tangu hapo sanamu hizo zimeenea duniani, na kuna nyingine zenye mapigo ya moyo na pumzi zinazobadilika kwa amri ya mwalimu.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Sanamu hulazwa kitandani. Mwalimu hutangaza: huyu ni mama wa miaka 26, amejifungua robo saa iliyopita, shuka imelowa damu. Wanafunzi huingia kama kikosi. Mmoja huongoza, mwingine hukanda tumbo la uzazi, wa tatu hutafuta mshipa, wa nne huandika saa. Wakikosea, hapana anayekufa. Kisha huketi pamoja, wakaulizana bila ya kutahayarishana: tulichelewa wapi, nani hakusikia amri, dawa ilikuwa wapi? Mazungumzo hayo ya baadaye ndiyo somo lenyewe.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya nchi tajiri. Ushahidi wa hapa hapa nchini unawapinga. Katika vituo 8 vya Tanzania Bara wakunga na wauguzi walifundishwa kwa sanamu dogo la mtoto mchanga namna ya kumwanzishia pumzi katika dakika ya kwanza ya uhai wake. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Sanamu lile halina umeme wala mtambo. Hutiwa maji ya kawaida likapata uzito wa mtoto.

Liko na funzo jingine, nalo twaomba wakubwa wetu walitie maanani. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wafanyakazi walipewa mafunzo ya siku moja. Walipopimwa mbele ya sanamu miezi kadhaa baadaye walifanya vizuri, lakini kazi yao mbele ya mtoto wa kweli haikubadilika. Ndipo hospitali ilipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale kazini, na vifo vya siku ya kwanza vikapungua. Tuseme wazi: semina moja ya mwaka, yenye picha ya pamoja na chakula cha mchana, haimwokoi mtu. Mkono hukumbuka kile ulichokirudia.

Zanzibar haianzi na mikono mitupu. Mafunzo ya udaktari visiwani yalianzishwa mwaka 2007 kwa ushirikiano na Cuba, na leo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ni miongoni mwa vyuo vinavyolea waganga wetu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa kozi ya msingi ya huduma za dharura iliyotungwa kwa ajili ya nchi zenye uwezo mdogo, na mafunzo yake ya vitendo hayahitaji mitambo ya anasa.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, asiruhusiwe mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kuingia zamu ya dharura kabla ya kufaulu mazoezi ya pumzi, ya damu na ya moyo mbele ya sanamu. Pili, mazoezi hayo yawe ya kila wiki na yafanywe hospitalini, madaktari na wauguzi pamoja, maana mgonjwa huokolewa na kikosi. Tatu, Pemba isisubiri masalio ya Unguja. Sanamu likinunuliwa kwa Mnazi Mmoja, linunuliwe pia kwa Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani. Nne, bajeti itenge muda na posho ya mwalimu, si bei ya kifaa tu. Tumeona vifaa vingapi vya msaada vikifunikwa vumbi stoo kwa kukosa mtu wa kuvitumia?

Tunafahamu kwamba fedha ni chache na kila wizara ina kilio chake. Tunafahamu pia kwamba sanamu haliwezi kufundisha huruma, wala haliliwi na mama yake. Mgonjwa atabaki kuwa mwalimu mkuu wa daktari. Tunachokataa ni mgonjwa huyo kuwa mwalimu wa somo la kwanza.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi watakapoketi kuyapima makadirio ya Wizara ya Afya, wamkumbuke mama wa Kojani aliye chomboni usiku, na kijana mwenye koti jeupe anayemngojea ufukweni mwa pili. Waulize swali moja tu: kijana huyu amewahi kulifanya jambo hili, au ataanza na mama huyu?