ELIMU YA VITU: SABUNI YA KIBUYUNI

Wasomaji wetu, mara nyingi mtoto arudipo kutoka shule ya sekondari na kutaja neno kemia, wazee hudhani ni mambo ya vitabuni yasiyowahusu. Kumbe kemia imo jikoni mwetu. Natuitazame huko Kibuyuni, karibu na Shimoni, katika pwani ya kusini ya Kenya.

Wakulima wa mwani wa huko, wengi wao akina mama, hufunga miche kambani maji yanapokupwa, na baada ya majuma sita hivi huvuna na kuanika. Mwani mwingi huuzwa mkavu. Mwingine husagwa ukatiwa katika sabuni. Je, mwani ndio uletao sabuni? Sivyo. Sabuni huzaliwa na vitu viwili: mafuta, kama ya nazi, na dawa kali iitwayo kostiki soda.

Hapa yafaa tupambanue mambo mawili. Ukitia chumvi katika maji, huo ni mchanganyiko tu: yaache maji yakauke juani, na chumvi utaiona tena. Lakini mafuta na kostiki soda huungana, na kila kimoja hupoteza tabia yake. Hutokea vitu vipya, sabuni na glisarini, wala kuanika hakuwezi kuyarudisha mafuta.

Tena muungano huo una kipimo chake. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huungana na gramu 180 hivi za kostiki soda. Ukizidisha, ile isiyopata mafuta ya kuungana nayo hubaki na ukali wake, ikala ngozi ya mwogaji. Ndiyo sababu mtengenezaji mwangalifu hupima kwa mizani, si kwa kikombe, na huipunguza kidogo.

Kazini pia pana hatari. Tia kostiki soda ndani ya maji, kidogo kidogo. Usimwage maji juu yake, kwani joto litokalo laweza kuyarusha usoni. Usitumie sufuria ya alumini, maana italiwa, na hewa ya haidrojeni itokayo hushika moto upesi. Dawa ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi, kisha nenda hospitali bila kukawia.

Basi mwanao akisema kwamba leo wamefundishwa kupima, usimcheke. Kipimo hicho ndicho kitengacho sabuni na kidonda.